Mawe Themanini na Manne

Saa kumi na mbili na robo asubuhi Zaitoun alikuwa ameshawapa watoto wake wanne chai na mkate, ameshamchapa kofi la mgongo yule wa tatu aliyeficha kiatu cha mwenzake, na ameshashika njia ya kupanda kambini akiwa na sanduku la mirija ya vipimo kwapani. Ulikuwa mwaka wa saba tangu wazungu wenye bunduki walipokuja kisiwani Ngazidja, na watu wa Moroni walikuwa wameshazoea kuwapisha barabarani. Zaitoun hakuwa na shughuli na bunduki zao. Yeye alikuwa na diploma ya maji kutoka Tananarivo, na kazi yake kambini kwao ilikuwa kusafisha yatokayo vyooni.

Kichujio kilikuwa nyuma ya jiko la kambi. Lilikuwa tangi pana la duara, kina chake kimo cha mtu, limejazwa mawe meusi ya volkano ya Karthala, mepesi na yenye vitundu kama mkate wa mofa. Mkono wa chuma ulizunguka juu yake mchana kutwa, ukinyunyiza maji ya vyoo vyote vya kambi, na juu ya mawe hayo waliishi bakteria wanaokula amonia. Amonia ndiyo ile harufu inayochoma pua chooni. Humtoka kila mwenye kibofu, awe waziri au mchukuzi. Bakteria hawa huila wakaacha nitriti, ndugu zao wengine huigeuza nitriti ikawa nitrati, na nitrati mgomba haujapata kuikataa.

Walikuwa viumbe wa polepole. Bakteria wa maziwa ukimwacha nusu saa ameshakuwa wawili, lakini hawa huhitaji siku nzima, na siku ya baridi huahirisha. Hutaka hewa, hutaka chokaa kidogo kwa kuwa kazi yao huyafanya maji yawe machachu, na hawataki hata kusikia maji ya Javel, ile dawa ya kung'arishia nguo. Zaitoun aliwapenda kama mtu anavyompenda mtoto asiyesumbua. Mbegu yao aliileta mwenyewe miaka minne nyuma kutoka kwao Mutsamudu, kisiwani Nzuani, madumu kumi ya tope la kichujio cha hospitali, na siku alipoyashusha bandarini Moroni wachukuzi walicheka mpaka wakakaa chini. Walisema watu wa Nzuani hawana haya, hata vijidudu vyao vinavuka bahari kuja kula Ngazidja. Zaitoun aliwajibu kwamba ndiyo, vimekuja kula, na kilichoandaliwa ni mavi yenu. Tangu siku hiyo walimwita Bweni, yaani Bibi, kwa heshima.

Asubuhi hiyo mawe yalikuwa yamepanda tena. Yalikuwa yameinuka shibiri moja juu ya wenzao, yakining'inia hewani na kudondosha maji, na kila mkono wa chuma ulipopita yaliinama kidogo kisha yakasimama. Jambo hilo lilikuwa na siku tisa sasa. Kila kundi la bakteria lilikuwa limejichagulia mtu wake kambini. Mtu wake akienda haja, jiwe lilipanda; bakteria wakimaliza kula walicholetewa, jiwe lilishuka. Saa kumi na mbili na nusu, watu wote wakiwa wametoka kitandani, mawe yote yalikuwa juu kwa pamoja, na hapo ndipo Zaitoun alipoyahesabu. Yalikuwa themanini na manne, kama jana na juzi.

Orodha ya kambi ilikuwa na watu sitini na mmoja.

Zaitoun hakuhitaji mawe kumwambia hilo. Siku nne kabla ya jiwe la kwanza kupanda alikuwa amepima amonia na kupata gramu mia nane na arobaini kwa siku. Kichwa kimoja hutoa gramu kumi, chuoni walifundishwa hivyo, na kichwa cha mzungu hakitoi zaidi. Aliandika ripoti kwa Kifaransa safi: watumiaji halisi ni themanini na wanne, naomba chokaa ya kuwatosha. Hakuwa na maana nyingine yoyote. Alitaka chokaa. Kapteni wa kambi, mtu wa ndevu nyekundu ambaye mji mzima ulimwita Ndevu, alimrudishia karatasi akisema vijana wake wanakunywa bia sana, akampa chokaa ya watu sitini na mmoja.

Walioijenga kambi walikuwa wamefikiri mambo mengi. Vyumba vya chini havikuwa na dirisha, wala havikuonekana kwenye ramani. Waliowekwa humo hawakuandikwa katika rejesta. Lakini mabomba ni gharama, na fundi aliyechimba mtaro alichimba mmoja.

Siku hiyo ya tisa Zaitoun alikaa juu ya ukingo wa tangi akanywa chai yake ya chupa, na ndipo alipowaona sisimizi. Walikuwa wamepanga mstari kutoka kwenye ufa wa ukuta, wamepita juu ya saruji, wamevuka mawe yaliyolowa bila kutazama kushoto wala kulia, wakaishia kwenye jiwe moja upande wa mashariki, la ukubwa wa nazi iliyofuliwa. Jiwe hilo lilishuka, na kabla hajameza funda la pili likapanda tena. Sisimizi walipanda nalo. Alilitazama mpaka adhuhuri. Mawe mengine yalipanda mara mbili, mara tatu. Hilo lilipanda mara tisa.

Zaitoun alikuwa na mdogo wake mmoja, Elarif, mwalimu wa hesabu Mutsamudu. Elarif alikuwa na kisukari cha kuchomwa sindano tangu umri wa miaka kumi na tatu, na aliyegundua ugonjwa huo alikuwa mama yao, alipowaona sisimizi wamezunguka mahali mtoto alipokojoa uani. Wiki mbili zilizopita watu wanne walimfuata nyumbani kwa mkewe kwa sababu ya karatasi fulani zilizobandikwa milangoni. Walikuja kwa miguu, maana gari haliingii vichochoroni mwa Mutsamudu, wakamtoa mezani. Mkewe, Hayati, aliambiwa ofisini kwamba mumewe amesafiri kwenda masomoni Marseille. Hayati alijibu kwamba mtu hasafiri kwenda Marseille akaacha viatu na sindano zake. Chupa za dawa zilikuwa bado kwenye mtungi wa maji, mahali alipoziweka zisipate joto.

Sasa Zaitoun alijua mdogo wake yuko wapi, na alijua kwamba kupanda mara tisa kabla ya adhuhuri si dalili ya uzima. Mtu mwenye kisukari asiyepata dawa hunywa na kukojoa, hunywa na kukojoa, mpaka mwili wote umwagike. Alihesabu siku kwa vidole. Hazikuwa nyingi.

Kesho yake Hayati alimtumia chupa nne kwa ndege ya asubuhi, ndani ya chombo cha barafu, naye akazipeleka kwenye geti la kambi, upande wa nje. Upande wa ndani alikuwa mfanyakazi na aliruhusiwa kupita, lakini alitaka mambo yaende kwa utaratibu. Getini alikuwapo Fakri, askari wa Moroni, kijana mtaratibu aliyeoa mpwa wa jirani yake.

Fakri alizitazama chupa kwa makini. Alisema dawa anaweza kuipokea, hana kinyongo, ila lazima aandike imepokelewa kwa ajili ya nani.

"Andika Elarif," Zaitoun alisema.

"Elarif hayumo, Bweni."

"Jiwe lake umeliona."

"Nimeliona. Jana limepanda mbele yangu navuta sigara, na sisimizi wamenipanda mguuni." Alimgeuzia daftari lake. "Hebu tazama mwenyewe. Jina, cheo, namba, sahihi. Safu ya mawe ipo wapi?"

Nyuma ya Zaitoun walikuwa wanawake wengine ishirini na mmoja wenye sufuria za wali zilizofungwa vitambaa. Walikuja kila siku, wengine tangu mwezi wa Shaabani, na kila siku walirudi na sufuria zao. Mmoja wao, mama wa makamo aitwaye Moina, alimwambia Zaitoun asogee pembeni kama ameshamaliza, maana zamu ya kukataliwa sasa ni yake.

Jumatatu Ndevu alimwita ofisini. Alikuwa na mwavuli mlangoni na picha ya mbwa mezani. Alisema yeye hana ugomvi na mawe. Amekaa Afrika miaka ishirini na ameona mengi kuliko hayo. Tatizo ni kwamba Alhamisi wanakuja wageni kutoka Ulaya kukagua kambi, watapewa orodha ya watu sitini na mmoja, na wageni wa namna hiyo wanajua kuhesabu. Akaagiza amwage maji ya Javel kwenye kichujio.

Zaitoun alimweleza kwamba bakteria watakufa.

"Vizuri."

"Itachukua wiki sita kuota wengine. Mtanuka."

"Tutanuka," Ndevu alisema. "Na kama hutaki, dobi atamwaga. Yeye hana diploma, hajui kipimo. Atamwaga mpaka samaki waelee."

Zaitoun alifikiri haraka, kama anavyofikiri mtu mwenye sufuria motoni na mtoto mgongoni. Akasema sawa, atamwaga. Lakini mawe yana utelezi wa miaka minne, na Javel haipenyi utelezi. Lazima kwanza yaoshwe kwa mikono. Anahitaji vibarua, wanawake, kwa siku mbili. Ishirini na mmoja.

"Kwa nini si ishirini?"

"Ishirini na mmoja ndio waliopo."

Ndevu alichukua kalamu. Yeye pia alijua kuhesabu. Mwishowe aliandika ruhusa, akasema jiwe likishatoka nje ya geti si jiwe lake tena.

Mume wa Zaitoun alikuwa na genge la vyombo pale sokoni Volo Volo. Jioni hiyo, kabla hajafunga, mkewe alichukua mabeseni yake yote ya rangi na kuyasukuma kambini kwa mkokoteni. Mumewe hakuuliza. Alisema tu yale yenye maua ni ghali, yasigongwe.

Jumanne na Jumatano wanawake walikaa kuzunguka tangi, wamekunja nguo magotini, wakiosha mawe na kutazama. Zaitoun alikuwa ameyatenga yale sitini na moja. Mwenyewe wa kila moja alikuwa akijulikana, hata lile la kapteni, kubwa na zito, lililopanda kwa kelele kila baada ya chakula cha mchana. Yaliyobaki aliwaachia wao. Hakuwaambia watafute nini. Mwanamke aliyefua shuka za mtu miaka kumi na mitano hahitaji maelekezo.

Moina alimpata mumewe kabla ya saa nne. Lilikuwa jiwe lililojivuta juu kidogo, likakwama, likajaribu tena, likakwama. "Huyo huyo," alisema. "Tangu mwaka juzi anasimama chooni robo saa. Nilimwambia aende hospitali, akaniambia mimi si daktari." Mwenzake, Zainaba, alimpata mwanawe kwenye jiwe lililokuwa la mwisho kuamka kila siku, jua likiwa limeshachoma. Bibi mmoja aliyekuwa akimtafuta kaka yake alilichukua jiwe lililosubiri mengine yote yashuke ndipo likapanda, peke yake, kwa haya. Alilifunika na upindo wa nguo hata kabla hajaliweka kwenye beseni.

Kufikia alasiri ya Jumatano kila mmoja alikuwa na lake. Walitoka getini kwa safu, mabeseni vichwani, na Fakri aliandika: vibarua ishirini na mmoja, wametoka. Mabeseni hayakuonekana mazito. Moja lilikuwa linainuka kidogo kutoka kwenye kata, na mwenye nalo akawa analishika kwa mkono lisimwache njiani.

Zaitoun alichukua lile la sisimizi. Hapo likabaki moja. Lilikuwa jiwe la kawaida, likipanda mara mbili kwa siku bila haraka, na hakuna mwanamke aliyelitambua ingawa kila mmoja alilitazama kwa zamu yake. Zaitoun angeweza kulibeba. Beseni lake lilikuwa na nafasi. Alilishika, akalirudisha. Alijiambia kwamba kuna faida likibaki. Kesho yake alfajiri alipomwaga Javel aliimwaga tele upande wa magharibi, kusini na kaskazini, na upande wa lile jiwe akaizuia kwa kipande cha bati. Wageni wanajua kuhesabu. Basi wahesabu moja.

Bakteria walikufa kabla ya saa mbili. Ule utelezi wa kahawia uligeuka kijivu ukachukuliwa na maji, na mawe sitini na moja yakakaa chini kama mawe ya popote.

Wageni walikuwa wanne, watatu wanaume na mwanamke mmoja mwenye kofia ya ukili. Waliitazama orodha, walitazama mabweni, walitazama jiko, wakafika nyuma ya jiko. Lile jiwe lilipanda mbele yao, shibiri moja na nusu, likakaa hewani likidondosha maji. Zaitoun alikuwa amesimama hapo na mrija wake wa vipimo mkononi. Alisema kwa Kifaransa kwamba hilo ni la mtu wa sitini na mbili.

Yule mwanamke wa kofia aliuliza kama mawe yote ya kisiwa ni mepesi hivyo. Ndevu alieleza kwamba ni kwa sababu ya volkano. Mmoja wao alipiga picha, mwenziwe akasimama pembeni ya jiwe apigwe naye, akiweka mkono chini yake kama anayelibeba kwenye sinia. Walilipenda sana. Baada ya chakula Ndevu aliagiza lifungwe kwenye gazeti akawapa kama zawadi, na likaondoka nao kwenda Ulaya. Zaitoun alirudisha mabeseni Volo Volo. Moja lenye maua lilikuwa limegongwa.

Ijumaa alipanda ndege kwenda kwao, na jiwe mapajani. Pale uwanjani Hahaya mpima mizigo aliliweka beseni kwenye mizani, akalitoa, akalirudisha. Aliandika kilo mbili. Mshale wa mizani ukarudi nyuma, akakata akaandika sifuri. Angani jiwe lilisukuma kitambaa kila baada ya dakika chache, na mfanyabiashara mzee aliyekaa kando yake akamsaidia kulizuia kwa upande wa kiganja. Aliuliza ni nani. Zaitoun alisema ni mdogo wake.

"Ana haraka," mzee alisema.

Nyumba ya Hayati ilikuwa chini ya ngome, katika kichochoro ambacho watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Waliliweka beseni uani. Sisimizi wa Mutsamudu walifika kabla ya adhuhuri. Hayati alikaa chini mbele ya jiwe, amejifunga vazi lake la shiromani, akalitazama likipanda na kushuka, na kila lilipopanda alisema, "Yuko." Habari ilienda haraka. Wanawake wa mtaa walikuja na sinia, wazee walikuja kumsalimu Elarif, na wanafunzi wake walikuja na daftari wakachora mstari kila alipopanda. Siku ile ilikuwa mara kumi na nne. Kesho yake kumi na saba. Watu walifurahi, walisema mwalimu ana nguvu, hawajamvunja, angalieni anavyoruka. Hayati alipika pilau.

Zaitoun alimwita jikoni, akafunga mlango. Hakujua kusema mambo kwa kuzunguka, na hakujaribu.

"Wifi, huko si kuruka. Ni kiu. Kila anapopanda anakwisha."

Hayati aliendelea kukoroga. Baadaye alizima moto, akaenda kwenye mtungi, akatoa chupa ya dawa, akavuta sindano kama alivyokuwa akimvutia mumewe, akaichoma kwenye kitundu cha jiwe taratibu asimuumize. Jiwe lilishuka, likapanda. Alijaribu tena jioni. Zaitoun alimwacha ajaribu mara ya tatu, kisha akamshika mkono. Alimweleza kwamba bomba la choo linakwenda upande mmoja. Huleta kutoka kwake, kumpelekea, haliwezi.

Basi ikabaki kuzunguka maofisini. Zaitoun alilibeba jiwe hadi ofisi ya gavana akaliweka juu ya meza. Lilipanda, likalowesha jalada, na karani mkuu, bwana mmoja Mroudjae, alihamisha majalada mengine yasilowe. Alilitazama kwa heshima. Alisema haoni sababu ya kubisha, lakini kambi iko Moroni. Alete barua ya Moroni. Zaitoun alipanda ndege. Moroni walisema mtu ni wa Mutsamudu. Alete barua ya Mutsamudu. Alirudi. Watoto wake walikula kwa jirani siku sita. Hakukaa mahali hata chai ipoe. Alikula akiwa amesimama, aliswali akasahau rakaa akarudia, na hata usingizini, mumewe alisema, miguu yake ilikuwa inatembea.

Alijaribu upande wa ndani pia, kwa kuwa alikuwa na kibali cha kazi. Alifika hadi ngazi ya vyumba vya chini na chombo cha barafu mkononi. Askari aliyekuwapo hapo alimuuliza anataka nini. Alisema kuna choo kimeziba. Askari alimjibu kwamba huko chini hakuna choo, kwa kuwa hakuna watu, akampandisha juu kwa adabu.

Jumanne ya pili alikuwa Mutsamudu. Jiwe lilikuwa limepanda mara thelathini na moja kabla ya adhuhuri, na wanafunzi walikuwa wamemaliza ukurasa. Baada ya alasiri lilishuka na halikupanda. Waliokuwepo walisubiri. Sisimizi walibaki juu yake mpaka jua lilipogusa ngome, kisha wakageuka mmoja mmoja, wakashuka kwenye ukingo wa beseni, wakarudi ukutani. Hayati alimwaga maji ya beseni kwenye mfereji, akalikausha jiwe kwa kitambaa safi, akauliza kama kuna mtu wa kwenda kumwambia imamu.

Kadhi alikuja siku ya tatu. Hakuwa mtu wa pupa. Alikaa mbele ya jiwe tangu asubuhi mpaka magharibi, akawahoji wanafunzi kuhusu mistari yao, akaomba aonyeshwe ufa wa sisimizi. Kisha akaandika kwamba Elarif amefariki Jumanne baada ya alasiri na kwamba mjane atakaa eda kuanzia saa hiyo, miezi minne na siku kumi. Hayati aliingia ndani. Hakukuwa na maiti, hakukuwa na kaburi, lakini hesabu ya siku zake ilikuwa sawasawa.

Kabla ya kuondoka Zaitoun alilipima jiwe. Bakteria walikuwa wazima, kahawia na wenye utelezi, wana njaa tu. Hawakuwa na kosa. Alilipeleka kwenye kichujio cha hospitali akalitupa kati ya mengine, na bakteria wakaanza kula amonia ya wagonjwa wote bila kuchagua. Akajaza madumu kumi ya tope, akarudi nayo Moroni, kwa kuwa kambi ilikuwa inanuka mpaka Volo Volo na Ndevu alikuwa ameshatuma watu nyumbani kwake mara mbili.

Wiki ya sita kichujio kilikuwa kinafanya kazi. Wiki ya saba mawe yalianza kupanda. Zaitoun aliyahesabu saa kumi na mbili na nusu: sabini na tisa. Ndevu hakuagiza Javel tena. Alikuwa amechoka na harufu. Aliagiza tangi liezekwe bati, chini kabisa, lisionekane. Tangu siku hiyo kila aliyekwenda haja kambini, jiwe lake lilipanda likagonga bati, na mlio ukasikika hadi getini. Wanawake wenye sufuria walizoea kukaa kwenye kivuli cha ukuta wakasikiliza. Walipofika waliulizana mtu wako amegonga, naam amegonga, ndipo wakapeleka wali kwa Fakri akaukataa. Zaitoun aliandika ripoti yake kila mwezi: gramu mia saba na tisini. Alipewa chokaa ya watu sitini na mmoja.

Mwisho wa mwaka 1989 wazungu waliondoka kwa ndege. Wiki moja kabla ya hapo waliogonga bati walikuwa wameshabaki sitini na mmoja tu. Maofisa wapya walifungua vyumba vya chini wakakuta sakafu zimesakafiwa upya, saruji bado mbichi, na rejesta iliyoandikwa vizuri, jina kwa jina, sitini na moja. Walitoa tangazo kwamba wamekagua na kwamba hakuna raia aliyepata kushikiliwa mahali hapo. Kisha wakamuuliza Zaitoun kama angependa kuendelea na kazi, naye akasema maji hayajisafishi yenyewe.

Miezi michache baadaye Hayati alimwita Mutsamudu. Alikuwa amepokea barua ya wizara ya elimu iliyoandikiwa Bwana Elarif, mwalimu wa hesabu, daraja la pili. Ilimkumbusha kwamba hajahudhuria kazini tangu mwaka 1985 bila maelezo, ikampa siku nane kurudi darasani, la sivyo jina lake lingefutwa.

Zaitoun alivaa miwani akasoma mara mbili. Akatoa kalamu. Alisema atawaandikia sasa hivi kwamba mtu huyo amekufa, na amekufa wapi, na amekufa kwa kukosa nini, na hukumu ya kadhi ataiambatisha.

"Uliwaandikia hayo mwaka ule," Hayati alisema. "Wakakujibu nini?"

"Kwamba hana rekodi. Hakushikwa, hakufa."

"Basi hii ndiyo karatasi pekee ya serikali yenye jina lake. Wakilifuta, litabaki wapi?" Alimsogezea karatasi nyeupe. "Waandikie anaumwa."

"Wifi, umekaa eda ukamaliza."

"Mimi nimekaa eda. Wao hawajakaa. Andika, anaumwa kisukari, anaomba ruhusa."

Zaitoun aliandika. Alieleza dalili kwa usahihi, kiu, kukojoa mara kwa mara, udhaifu, kama alivyofundishwa kuandika ripoti. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, lina muhuri na sahihi mbili. Wizara ilimpa mwalimu pole, ikamtakia afya njema, na ikampa ruhusa ya ugonjwa ya mwaka mmoja, inayoweza kuongezwa.

Wameiongeza kila mwaka.